Kufungua Karata kwa Afande Akwero

Jumatatu, 9 Agosti 2004

Rukiah fundi cherehani anahama! Kibaraza cha mbele kitabaki wazi. Kina bati, kina mlango wa kufuli, kina waya wa umeme, kinatazama barabara, na askari wote wa kambi ya polisi ya Nsambya hupita pale na nywele zao ndefu. Lazima kiwe changu.

Hali yangu ni mbaya. Nanyoa watu chumbani. Wateja wanakaa kitandani. Mke wangu Nabintu amechoka kulalia nywele za polisi. Leo asubuhi kaniambia, kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ndiyo mbaya, kwamba nisipopata kibaraza hadi Jumapili anahamia Ggaba kwa dada yake Blandine, wauze samaki pamoja. Anaondoka na mtoto wetu Victoire. Anaondoka pia na mashine ya kunyolea. Mashine ni yake, alinunuliwa na kaka yake. Bila mashine mimi ni mtu mwenye kitana tu.

Mbio kwa mwenye nyumba, Afande Akwero. Sajini mstaafu, Mwacholi wa kaskazini, hacheki bila sababu, na sababu bado haijapatikana. Nikaanza hotuba yangu. Akainua mkono kama anasimamisha lori. Kasema Gradi naye kishaomba.

Gradi! Fundi redio! Mtu wa Goma, kaja juzi tu, anatabasamu hata akiwa peke yake.

Afande hataki maneno ya yeyote. Kasema sote wawili tuje sebuleni kwake kila saa kumi tucheze poka na yeye na jirani yake Wahabi, muuza makaa. Tunacheza kwa maharage. Yeye ataangalia jinsi tunavyofungua karata, basi. Eti miaka yote ya polisi alimjua mtu kwa namna anavyoonyesha alichonacho mkononi. Jumapili baada ya misa atatoa ufunguo.

Poka! Nimecheza poka Bukavu tangu sijaota ndevu. Gradi kwisha habari yake.

Baadaye. Sijui nianzie wapi. Nilikuwa na karata takataka, sikuwa hata na jozi. Nikasukuma maharage mengi katikati kwa uso mkavu. Wote wakalala. Pale kwa Afande mtu akijitoa wanasema amelala. Ushindi wangu! Hakuna aliyelipa kuona, kwa hiyo silazimiki kuonyesha kitu. Lakini furaha ilinizidi. Nikamwinamishia Wahabi karata zangu kidogo, yeye tu, aone nilivyowatia woga bila kitu. Wahabi akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

Afande akagonga meza. Kasema kwake ukimwonyesha mmoja umewaonyesha wote. Nikazilaza karata zangu wazi mbele ya kila mtu, moja moja. Gradi akatikisa kichwa kwa huruma. Ile huruma nitamlipa.

Jumanne, 10 Agosti

Usiku nimelala macho wazi nikapata dawa. Kosa la jana lilikuwa kuficha. Afande anapenda uwazi. Nitakuwa muwazi kuliko dirisha! Nabintu kauliza mbona natabasamu. Nikamwambia kibaraza kimefika. Kauliza kimefika wapi.

Saa kumi nikaketi mkao wa mtu asiye na siri. Karata zikagawiwa. Nikapata wafalme wawili na uchafu mtupu. Nikabadilisha, sikupata la maana. Afande akaongeza maharage, akatutazama mmoja mmoja, akasema leo wafalme wamemtembelea. Gradi akaanza kutoka jasho juu ya mdomo. Nilifurahi sana kuliona lile jasho.

Zamu yangu. Nikasema nimelala, na nikazifungua karata zangu zote mezani, wafalme juu, ili Afande aone moyo wangu ulivyo mweupe.

Wahabi akajifunika uso.

Gradi akawatazama wafalme wangu wawili. Akatazama karata zake. Jasho likakauka. Akalipa kuona. Kumbe mfalme wa tatu alikuwa naye yeye Gradi, kwa hiyo Afande hakuweza kuwa na hata jozi ya wafalme! Na Afande hakuwa na mfalme hata mmoja, alikuwa anamtisha tu. Maharage yote yakaenda kwa Gradi.

Afande hakupaza sauti. Kasema anayelala alale kifudifudi mpaka walio macho wamalize, maana karata za aliyelala zikisema, zinasema mambo ya wengine. Kasema nimemvua nguo mbele ya wageni. Nikaomba msamaha. Nikaomba tena nikiwa mlangoni, na tena nikiwa nje ya dirisha. Kafunga dirisha.

Nabintu kaanza kukunja nguo za mtoto. Kasema anazipanga tu.

Alhamisi, 12 Agosti

Jana Afande alikuwa kliniki, hatukucheza. Siku nzima ya kufikiri! Nimegundua kwamba sihitaji kuwa mzuri. Inatosha Gradi awe mbaya.

Nikamkuta asubuhi anachomelea waya wa redio. Nikamwita ndugu yangu. Nikamwambia, kama mkubwa wake hapa Kampala, kwamba hawa watu wa kaskazini wana desturi: ukiwa na karata za kushinda, usizifungue upesi, ni dharau kwa mwenye nyumba. Fungua pole pole, guna, sikitika kidogo, mwache kwanza afurahi. Nimeitunga papo hapo, hakuna Mwacholi aliyewahi kuisikia. Gradi kanishukuru kwa mikono miwili. Nikaona haya kidogo. Ikapita.

Saa kumi. Mara Afande na Gradi wamebaki wawili. Afande akafungua karata zake: jozi mbili nzuri. Gradi akaguna. Akashika shavu. Afande akanyoosha mkono kuchukua maharage. Gradi akafungua karata moja. Akahema. Akaomba maji! Akanywa! Akafungua ya pili, na ya tatu, na zote zilikuwa saba. Saba tatu! Alijua tangu mwanzo ameshinda.

Wahabi akaacha kutafuna. Mkono wa Afande ulikuwa bado juu ya maharage. Kasema, polepole sana, kwamba aliwahi kuwa na askari wa namna hiyo, ana amri mfukoni ya kumwachilia mfungwa, na anamwacha alie mpaka jioni. Kasema mwenye kushinda afungue zote mara moja, kwa sababu kungoja kunauma.

Nilikuwa naimba ndani kwa ndani. Kisha Gradi akasimama, akainamisha kichwa, kasema: "Nisamehe, Afande. Sikujua. Mkubwa Bisimwa aliniambia ni desturi ya kwenu."

Wote watatu wakanigeukia. Nikatazama dari. Dari ya Afande ina doa la maji upande wa kushoto, nimelijua vizuri sana lile doa.

Gradi kasamehewa, kaongezewa chai. Mimi sikuongezewa.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimeandika na kufuta mara nyingi.

Leo ndiyo ilikuwa meza ya mwisho. Nabintu kafunga begi asubuhi na kuliweka mlangoni. Kanitazama tu, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilitaka kumshika mkono. Nikasema nitarudi na ufunguo.

Nikaamua kutii tu. Hakuna ujanja leo! Nitafanya lolote nitakaloambiwa, wakati ule ule nitakaoambiwa. Saa nzima nilicheza kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Nililala kifudifudi. Sikumwonyesha mtu. Afande akanisukumia sahani ya njugu. Sahani ya njugu!

Kisha zikaja. Malkia watatu na tisa mbili. Mkononi mwangu mimi, Bisimwa! Nikaongeza maharage. Wahabi akalala. Afande akalala. Gradi akafikiri, akafikiri, akalipa kuona. Na sheria ya Afande ni kwamba aliyeongeza mwisho anafungua kwanza. Yaani mimi.

Sikuchelewesha kwa makusudi. Nilitaka kuzipanga zifunguke kwa unyenyekevu. Lakini nikazipanga, nikazipangua, nikazipanga tena, na saa ya ukutani ikasikika, na Wahabi, ambaye pumzi ilikuwa imemkauka, akaruka kitini na kunipigia kelele: "Laga! Ssebo, laga!"

Sasa, meza ya Afande ina lugha moja, Kiswahili, ili asiwepo wa kusengenywa. Na kwetu Bukavu kulaga ni kuaga. Mtu akijitoa mchezoni kwetu tunasema amelaga, ameiaga meza. Nikafikiri nimevunja sheria nyingine nisiyoijua. Nikafikiri nafukuzwa. Na nilikuwa nimeapa kutii.

Nikatii. Nikazitupa kifudifudi juu ya rundo la karata zilizokufa.

Wahabi akajishika kichwa. Akaanza kulia, "Bisimwa, wewe nafanya nini! Mimi nasema onyesha! Kulaga ni kuonyesha!" Kumbe ni Kiganda. Kumbe kwao ssebo ni bwana, na laga ni onyesha. Nikaruka kuzichukua, Afande akawahi kuweka kiganja chake juu ya rundo. Karata iliyogusa rundo imekufa. Mimi nikapiga magoti kwenye kapeti. Nasema kweli, nilipiga magoti.

Afande kasema Wahabi ndiye aliyeanza kuvunja sheria kwa kuleta lugha nyingine mezani. Kwa hiyo atafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Atazifufua hizi karata mara moja tu. Lakini kwanza nimwambie, bila kugusa, nilikuwa na nini. Nikisema sawasawa, maharage ni yangu, na kuhusu kibaraza tutazungumza vizuri. Alisema vizuri! Niliuona ufunguo ukining'inia kwenye kamba shingoni mwake.

Malkia watatu na tisa mbili. Nilikuwa nazijua kama jina la mwanangu. Zilitosha kabisa. Lakini nikawaona wote wananikodolea macho, na Gradi ametulia mno, na nikahisi watatu ni wachache kwa saa kubwa kama hii. Nikausikia mdomo wangu ukisema malkia wanne.

Gradi hakutabasamu. Alizifungua karata zake zote mara moja, kama alivyofundishwa. Jozi mbili, ya kumi na ya nane, na pembeni yake malkia wa kopa, yule wa nne.

Jumapili, 15 Agosti

Baada ya misa ya Bikira Maria kupalizwa, Afande kampa Gradi ufunguo, pale pale nje ya kanisa. Kisha akaja kwangu. Sijawahi kumsikia akizungumza kwa upole, na leo alikuwa mpole, nikaogopa zaidi. "Bisimwa," kasema, "jana wewe ingesema tatu, funguo iko kwako."

Gradi naye kanifuata. Kasema kibaraza ni kirefu, redio zake zinataka upande mmoja tu, nilete kiti changu tukae wote. Mtego huo! Nikamwambia asante, nimeshapata mahali Kasubi, pakubwa kuliko hapo. Sijafika Kasubi tangu Pasaka.

Nyumbani nilimkuta Konstebo Ocira anangoja kitandani. Nikaanza kumnyoa ili mikono ipate kazi. Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia Nabintu alipoingia na Victoire. Alikuwa amekaa benchi moja na Afande kanisani, kasikia yote. Akazima mashine ukutani. Akakaa juu ya begi lake.

Hakugomba. Kasema kibaraza si kitu, vibaraza viko Kampala nzima, tutatafuta kingine pamoja. Kasema yuko tayari kufungua begi sasa hivi. Anataka jambo moja tu, asikie neno moja la kweli kutoka kwangu.

"Papa Victoire," kasema, "ulikuwa na malkia wangapi?"

Nilimtazama. Nampenda huyu mwanamke, sijui kama nimewahi kumwambia vizuri. Ocira pia alikuwa ananitazama, na shuka shingoni. Victoire alikuwa ananitazama. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikameza mate.

Nikasema wanne.

Nabintu akachomoa mashine. Akazungusha waya taratibu, akautia ndani ya begi, akamshika mtoto mkono. Mlangoni alisimama kidogo, nikadhani ananingoja niseme kitu. Nikasema hata Wahabi anaweza kushuhudia. Akatoka. Chumba kimekuwa kikubwa ghafla, na kinaniuma kukitazama.

Ocira bado yupo. Anauliza kuhusu upande wa kushoto. Nimemwambia huo ndio mtindo mpya.

Nimekaa nikafikiri sana, bila hasira, kama mtu mzima, na kosa langu nimeliona. Nilikawia. Mtu akimeza mate kabla ya kujibu nani atamwamini? Kesho asubuhi nakwenda Ggaba kumrudisha mke wangu. Akiniuliza tena nitasema wanne papo hapo, na nitamtazama machoni.