Mashine ya Kumrudisha Sekela

Jumatatu, 7 Aprili
Mvua tangu Ijumaa. Bunju nzima inanuka nguo mbichi, kasoro kwangu. Mie Gozbert nina mashine ya kukaushia nguo! Mtumba, ndiyo, ila mtumba wa Dubai, na Dubai naijua. Nilibadilishaga ndege pale. Nimemtumia Sekela picha. Mke wangu alikwenda Tukuyu kumsaidia mdogo wake Bupe, aliyejifungua mapacha. Alisema mwezi mmoja. Mapacha sasa wanatambaa. Amejibu kwamba ni nzuri, na umeme atalipa nani? Kurudi hakugusia.

Jumanne, 8 Aprili
Mashine inanuka kuungua. Si sana. Kama paka aliyelalia jiko. Jirani yangu Bi Chausiku kachungulia juu ya ukuta, kauliza nachoma godoro? Nikamwambia mashine za kisasa ndivyo zinavyonukaga mwanzoni. Akasema kamba yake ya kuanikia haijawahi kumuunguza mtu. Wivu! Fundi Salumu kanishauri kwa simu nitoe vumbi la nguo kwenye chujio. Chujio! Kwani napika chai? Nikamkatia.

Jumatano, 9 Aprili
Nimefua tena gauni la maua la Sekela. Halijavaliwa na mtu, lakini nataka akirudi alikute tayari. Limetoka kwenye mashine linanuka mkaa, pindo limebabuka. Nimekaa nalo mapajani muda mrefu.
Halafu akili ikanijia. Wanawake wa huku pwani si hufukiza nguo udi? Nimenunua udi, nikaweka chetezo juu ya mashine. Harufu ya kuungua kwisha! Bi Chausiku kapita mara mbili anavuta pua, kanitazama kwa jicho la hongera. Hatimaye ananiheshimu.

Ijumaa, 11 Aprili
Sekela kapiga! Kapiga mwenyewe, hakubipu! Akaniuliza bibi harusi wangu anaitwa nani.
Nani?
Kumbe Bi Chausiku kamfikishia habari zote. Kwamba Mhaya wa misa ya kwanza, mkewe hayupo, anafukiza udi kila jioni, basi kuna mwali ndani. Nikacheka. Kosa. Nikaapa kwa marehemu baba kwamba ni mashine tu. Akasema vizuri, anakuja kuamkiana na hiyo mashine. Kakata tiketi ya kesho.
Anakuja! Nani kashutumiwa akafurahi kama mie?

Jumapili, 13 Aprili
Kafika jana jioni. Salamu hakuna. Kachungulia chumbani, chini ya kitanda, nyuma ya pazia. Kisha akafuata pua yake hadi kwenye mashine, akachomoa chujio, akabandua vumbi la nguo zito kama kofia ya baridi, limeanza kuwa jeusi.
Akasema, “Haya, mwali wako huyu. Mwanaume mzima, ungekufa humu ndani nikaambiwa na majirani!”
Akaliona gauni. Akauliza kwa nini nafua nguo isiyovaliwa. Uongo mie hunijia wenyewe, lakini jana haukuja hata mmoja. Nikamwambia bila kulifua nyumba inakuwa kimya mno.
Akalivaa, na pindo lake lililobabuka. Tukala ndizi alizokuja nazo. Nimelala kama mtoto.

Jumatano, 16 Aprili
Kaondoka alfajiri. Bupe hawezi peke yake. Kasema mwisho wa mwezi, wa mwezi upi sikuthubutu kuuliza. Gauni kaenda nalo. Mashine hainuki kitu. Hata nyumba hainuki kitu.
Nimekaa, nimefikiri kisomi, na nimejifunza jambo moja: anayejua kumleta Sekela ni Bi Chausiku. Basi nimekwenda kwa Genoveva, muuza mitumba, nimechukua viatu vyekundu vya kike vya visigino virefu. Nimevipanga mlangoni, vinaangalia dirisha la Bi Chausiku. Ni vikubwa mno, lakini kwani mwali hawezi kuwa mrefu?
Bi Chausiku keshapita. Kasimama. Kavitazama.
Simu nimeichaji ikajaa.