Gemu ya Mogire na Magunia ya Omena

Siku hiyo mjinga alikuwa Cliff Oyaro. Amekiri mwenyewe, kwao Suna, mbele ya watu wenye masikio. Kwa hiyo sisi hatumsengenyi, tunarudia tu.

Asubuhi, hata hivyo, mjinga alikuwa bado hajajulikana. Cliff aliingia soko la Homa Bay na shati jeupe lililonyooshwa pasi kuliko tabia yake, mkoba begani. Mkobani mlikuwa na gemu za mkononi, zile mpya zinazocheza kaseti za zamani. Moja ilikuwa nzima, mali ya shemeji yake Mogire, dereva wa trekta la miwa kule Awendo, mtu mpole mpaka umguse kitu chake. Cliff aliiazima kwa kiapo kwamba ingerudi kabla ya jioni. Zilizobaki zilikuwa magamba matupu yenye kokoto ndani, ili nazo ziwe na uzito wa heshima. Kazi ilikuwa nyepesi: onyesha nzima, funga gamba, potea.

Watoto hakuwagusa. Watoto siku hizi wanajua vitu. Yeye aliwinda watu wazima wenye kiu ya utoto wao.

Akamwona Truphena, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, amekaa kati ya magunia akitafuna muwa. Jirani yake alikuwa akimwita Mama Liz, na Cliff hakuhitaji utambulisho zaidi.

"Mama Liz! Unakumbuka zile gemu za TV, enzi mlizokuwa mkitoroka kanisa kwenda kucheza?"

Truphena akauacha muwa. "Yaye! Hizo bado ziko?"

"Zimerudi, zinaingia mfukoni."

Kioo kikakataa kuwaka. Cliff, bila hata kutoa jasho, akachomoa kaseti, akaipuliza kwa mdomo, akairudisha. Muziki ukalia.

"Ikigoma, mathe, ni kupuliza tu. Hakuna shida ambayo pumzi haiwezi kuiondoa."

"Kumbe!" alisema Truphena kwa unyenyekevu wa mwanafunzi. Akacheza kidogo, mtu wake wa kwenye kioo akatumbukia shimoni. "Woi, nimekufa! Hebu nipe hii, nikupe gunia la omena."

"Nikufungie mpya, mama. Hii imeshikwashikwa." Mkono wa Cliff ulikuwa umeshazama mkobani. Kokoto zikacheka kidogo.

"Ooyo," Truphena alikataa. "Sisi wa omena hatununui gunia lililofungwa. Tunanunua lile tulilotia mkono. Nipe hii hii, nikuongezee gunia la pili."

Magunia mawili! Cliff alimkumbuka Mogire, akamsahau. Kwa magunia mawili angemnunulia shemeji gemu nyingine na yeye mwenyewe akabaki tajiri. Truphena akafungua midomo ya magunia: omena ikameremeta kama meno ya mgombea kwenye bango. Cliff akaitikia kwa kichwa kitaalamu, kwa mbali. Kutia mkono? Na shati lile? Anuke samaki kama mtu anayefanya kazi?

Gemu ikabaki kwa Truphena, mkokoteni ukayafikisha magunia steji, kwa Bosibori, mama anayenunua omena ya kupeleka Kisii. Bosibori hakusalimia. Alikunja mkono wa blauzi, akazamisha mkono kwenye gunia la kwanza mpaka kiwiko, akatoka na ngumi ya mchanga. La pili, vilevile.

"Kijana," alisema, "omena yako iko wapi? Huku umeniletea ziwa bila maji."

Simu ya Cliff ikaanza kulia. Mogire.

Alirudi sokoni mbio, mkokoteni ukimfuata. Truphena alikuwa palepale, vidole gumba vikiruka juu ya vitufe kama vya mtu aliyelelewa navyo, akivuka mashimo bila kuyatazama.

"Mama, umeniibia! Huu ni mchanga!"

"Omena huanikwa mchangani, nyathina, mwanangu."

"Nusu gunia?"

"Ilikauka vizuri."

Majirani wakasogea. Simu ikalia tena. "Nirudishie gemu, ni ya wenyewe! Nitaenda polisi!"

"Twende wote. Na ule mkoba wako unaolia kokoto usiuache."

Cliff akaukumbatia mkoba. Sauti ikamshuka mpaka ikawa ya mtoto. "Sasa mama, jioni hii shemeji ataniua. Mimi na mchanga wote huu nitafanyaje?"

Truphena hakuinua macho kutoka kwenye kioo.

"Puliza."