Maneno Ishirini ya Kubeba Mizigo

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa! Madam Lornah, msimamizi wa hoteli moja kule Dunga kando ya ziwa, amekuja sokoni Kibuye kununua vitunguu. Akasema wanatafuta porter, mtu wa kuwabebea wageni mizigo. Ijumaa atawajaribu watu wawili, na ni lazima wajue Kiingereza cha mizigo. Nilikuwa nimeshikilia mkokoteni wangu. Niliuachilia ili niinue mkono. Mkokoteni ukateremka wenyewe mpaka kwa mama wa nyanya. Matusi niliyopata sitayaandika.

Kazi hii naihitaji sana. Mama yake mchumba wangu Nangila, kule Kimilili, amekataa kuwapokea wazee wangu wa posa mpaka aambiwe kazi yangu inaitwaje. Miezi minne sasa Nangila anamwambia niko upande wa usafiri. Mama anauliza, upande gani? Nangila ni fundi wa cherehani hapa Nyalenda. Nampenda mpaka nashindwa kula. Naandika hivi waziwazi kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu.

Porter! Nikifumba macho naiona suti nyekundu yenye vifungo vya dhahabu. Naona kofia. Naona ziwa nyuma yangu limetulia, na wageni wananiita kwa jina.

Jumanne, 10 Juni

Nimenunua kamusi ya mitumba. Inaanzia herufi B, panya walishamaliza A. Haidhuru, sijaona mzigo unaoanza na A.

Ajabu ya Waingereza! Kila mfuko una jina lake kama mtoto aliyebatizwa. Suitcase, briefcase, rucksack, satchel, holdall, valise. Sisi sokoni tuna gunia, kiroba na kikapu, basi. Na kubeba nako! Carry, lug, haul, hoist, drag, convey. Nimeandika maneno ishirini kwenye kiganja na mkono mzima hadi kwenye kiwiko.

Nangila aliniangalia akacheka. Akasema hata Kiswahili kina kujitwika, kukokota, kuburuta, kueleka na kupakata, na sijawahi kuyaandika mkononi. Nikajifanya sijasikia. Neno ninalolipenda ni convey. Ukilitamka polepole unaona zulia.

Jumatano, 11 Juni

Mtu wa pili aliyechaguliwa kujaribiwa pamoja nami ni Odongo! Yule yule anayeegesha mkokoteni wake mbele ya wangu kila alfajiri, na ambaye akina mama wote humwita kwanza. Kwa nini wamwite yeye? Ana mabega tu.

Alikuja mwenyewe, mpole. Akaniambia, omera, ndugu yangu, mimi English ilinikataa, nisaidie maneno mbili tatu. Moyo wangu uliruka. Nikamsaidia. Nilimwambia kwamba kwa wageni wa heshima, kubeba huitwa drag na mkoba wa mwanamke huitwa gunny sack. Nikamfundisha aseme, "Madam, may I drag your gunny sack?" Yaani, niburute gunia lako? Alirudia mara kumi, jasho likimtoka. Akanishukuru, akaninunulia chai na mandazi mawili. Mandazi yalinikwama kidogo kooni, lakini yalipita.

Jioni nilikaa na Nangila ufukweni. Gugumaji lilikuwa limesogea, maji yanaonekana, jua limeyapaka rangi ya chungwa. Nangila alikuwa anasema kitu kuhusu mama yake na mkutano wa kina mama wa kanisa, mara Ijumaa, mara basi. Sikufuatilia. Nilikuwa nahesabu vifungo vya suti yangu. Nafikiri ni vinane.

Alhamisi, 12 Juni

Mazoezi. Nilivaa koti la harusi ya mjomba nikaenda kwenye bomba la maji, maana hapo watu wenye mizigo hawakosekani. Nikamchagua mama mmoja aliyekuwa ameshajaza mtungi. Nikainama, nikasema, "Madam, may I convey your vessel?" Nikaushika mtungi, nikaanza kwenda kwa hatua ndefu za kihoteli.

Akapiga kelele za mwizi! Foleni nzima ikanigeukia. Nilikimbia na mtungi mita kama mia hivi kabla sijakumbuka kuuweka chini. Koti limepasuka mgongoni. Nangila amelishona upya.

Ijumaa, 13 Juni

Nitaandika yote.

Tulipewa makoti mekundu. Vifungo ni sita. Saa nne basi likaingia, limejaa kina mama wa kanisa. Madam Lornah akasema kila mmoja wetu ampokee mgeni mmoja, mimi nianze. Nikasogea. Nilikuwa naelea. Mlango ukafunguka, na wa kwanza kushuka ni mama yake Nangila! Namjua kwa picha iliyo juu ya cherehani. Sutikesi ya kijivu mkononi.

Kwetu Wabukusu, mtu hampi mkono mama mkwe wake. Mkikutana njiani kila mmoja anatafuta upande wake. Sasa nibebe nguo zake? Begani? Ukoo wangu wote ungenitema!

Nikajificha nyuma ya nguzo. Madam Lornah akanong'ona kwamba mgeni anasubiri. Nikatoa sauti, nikiwa nimeupa ukuta uso, kwa Kiingereza changu bora kabisa: "Convey it yourself, Madam!"

Ndipo Odongo akaja. Kwa hofu alikuwa amesahau kila neno nililomfundisha. Akasema tu, "Mama, pole na safari. Hii bag naweka wapi?" Akaiweka begani. Mama akatabasamu. Kabla chai haijamiminwa, Odongo alikuwa ameajiriwa, na mimi nimevuliwa koti.

Jumamosi, 14 Juni

Nangila amekuja asubuhi. Nilidhani amekuja kuniaga. Kumbe mama yake alinitambua! Alisema hakuna kijana anayejificha nyuma ya nguzo kwa sababu ya mama mzee, isipokuwa mkwe. Alicheka njia nzima hadi chumbani kwake hotelini. Akasema heshima ninayo, lakini heshima peke yake hailishi mtoto. Wazee wangu waje Agosti, kwa sharti moja tu. Kabla ya saa sita mchana kesho nimtumie ujumbe mimi mwenyewe, nimwambie kazi yangu bila kuzungukazunguka. Nikimzungusha tena, Nangila arudi nyumbani.

Nangila alinishika mikono yote miwili. Akaniambia mama yake aliuza mboga sokoni miaka ishirini, na mizigo yake ilibebwa na watu wa mkokoteni, anawaheshimu kuliko makarani. Akanisihi niandike tu kwamba nasukuma mkokoteni Kibuye. Akanifanya nirudie mara tatu. Nikarudia. Macho yake yalikuwa na machozi, na yangu pia. Nimeapa. Ukweli mtupu!

Jumapili, 15 Juni

Saa tano na nusu. Nimeandika: "Mama, nasukuma mkokoteni Kibuye." Nikaitazama sentensi. Fupi mno! Haina hata kola. Mtu atamwozesha binti yake kwa maneno manne?

Kamusi ilikuwa hapo kando. Nikafungua H kidogo tu, kwa kupumzisha macho. Dirishani upepo wa ziwa ulikuwa unaingia taratibu, na neno likaja lenyewe.

Nimetuma saa sita kasoro dakika mbili: "Dear Mother, I am the Chief Executive, Haulage and Conveyance, Lake and Western Region." Haulage si ni kukokota? Ukweli ni ule ule, nimeuvisha tu.

Ameshausoma. Nangila amepiga simu mara nane mfululizo. Furaha ya wanawake jamani! Nitashika nikimaliza kuchora nembo ya kampuni.