Mjomba Huimba Maji Yakiisha

Jumatatu, 3 Juni
Leo ninaanza shajara. Ninaahidi kuandika kila kitu, hata yale yatakayonitoa jasho.

Mwalimu wa Kiswahili amerudisha hadithi zetu. Chini ya yangu ameandika kwamba wahusika wangu wote ni mtu mmoja anayebadilisha nguo. Nimeisoma tena. Kweli! Askari, bibi harusi, hata mwizi: wote wapole, wote wana macho makubwa, wote hulia wakifurahi.

Hadithi bora itasomwa jukwaani Jumamosi, siku ya wazazi. Naitaka nafasi hiyo kuliko viatu vipya. Mwaka jana alisoma Kasuku, ninayeketi naye dawati moja. Tunamwita hivyo kwa sababu methali humtoka bila kuombwa. Mwaka juzi pia alisoma yeye. Leo ameniambia mvumilivu hula mbivu, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

Mwalimu ametushauri tumpe mhusika hofu ya ajabu. Kumwogopa simba si sifa, sote tunamwogopa. Lakini mtu anayeogopa mto wa kulalia? Huyo hasahauliki.

Jumanne, 4 Juni
Nimefanya kazi kama punda. Kila mhusika nimempa hofu yake. Bibi harusi anaogopa viti. Bwana harusi anaogopa kuta. Dereva wao anaogopa kukata kulia. Tatizo: harusi imeshindikana! Bibi harusi amesimama ukumbini, bwana harusi yuko uwanjani hataki kuingia, na dereva anazunguka mtaa uleule na keki tangu asubuhi.

Mwalimu amesoma, akafuta machozi. Nilidhani ameguswa. Kumbe alikuwa anacheka. Amesema hofu moja inatosha, tena nisiishie kusema mtu anaogopa nini. Nitazame anavyohangaika kuificha. Hapo ndipo alipo mtu mwenyewe. Nikachunguze watu wa kweli.

Jumatano, 5 Juni
Utafiti nyumbani. Nimemwekea baba pamba yenye maji kwenye sahani. Ameuliza kama naumwa sikio. Nimemfungulia dada mwavuli ghafla chumbani. Hakuuogopa mwavuli, mimi ndiye niliyemwogopa dada. Nimeficha puto chini ya mto wa kiti cha mama. Mama ameketi. Tumeruka wote, hadi jirani! Hiyo si hofu ya ajabu, hiyo ni akili timamu. Mama ameahidi kwamba nikiendelea na kiherehere nitaosha vyombo mpaka nizeeke.

Alhamisi, 6 Juni
Nimempata!

Mjomba, mdogo wake mama, ni fundi bomba. Mtaa mzima unamsifu kwa uchangamfu, maana huimba kazini kwa sauti ya kupasua vioo. Leo amekuja kutengeneza sinki letu la jikoni, nami nikamshikia spana. Nikaona jambo. Maji yakijaa, kimya. Akivuta kizibo, kimya. Maji yakikaribia kuisha, hapo ndipo analipuka kwa wimbo, macho ameyafumba! Yakiisha, wimbo nao unakatika, hata katikati ya neno.

Nimemuuliza. Amechungulia mlangoni kwanza, kisha akaninong'oneza kwamba anauogopa ule mkoromo wa mwisho wa maji. Tangu utotoni. Huhisi kuna mtu huko chini anayemnyonya pumzi. Nikauliza, basi imekuwaje akawa fundi bomba? Alidhani akiyatengeneza mabomba yote yatanyamaza. Amenishika mkono: mwanangu, nimekwambia wewe tu, wateja wakijua watanicheka mpaka nihame. Nimeapa.

Kisha nimekwenda moja kwa moja kuandika. Lakini nimemficha vizuri sana! Mjomba ni mfupi, wangu ni mrefu. Mjomba hana ndevu, wangu anazo hadi kifuani. Nani atamjua?

Ijumaa, 7 Juni
NIMESHINDA! Mwalimu amesema fundi wangu anapumua. Kasuku amekuwa wa pili, na malkia wake anayeogopa vifungo. Amenipongeza kwa midomo tu, kisha akanikumbusha kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Sikuipenda methali hiyo.

Nyumbani mama amepiga vigelegele na kualika ukoo. Mjomba ameapa kukaa mstari wa mbele. Mstari wa mbele! Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nimembadilishia kila kitu isipokuwa kazi yake na wimbo wake.

Nimemwambia viti vya shule ni vigumu. Atakuja na mto. Nimemwambia hotuba ni ndefu. Atalala kwenye huo mto.

Jumamosi, 8 Juni
Asubuhi nimeziba sinki letu kwa kitambaa cha kichwa cha dada, ili mjomba abaki nyumbani akihangaika. Amelizibua kabla chai haijapoa. Dada haongei nami.

Ukumbi ulijaa. Mjomba mbele, shati limepigwa pasi, akiwatangazia wateja wake kwamba mimi ni mpwa wake. Nikapanda jukwaani. Nikafungua mdomo kusema fundi bomba, nikasema daktari wa meno. Sikuweza tena kurudi nyuma. Basi daktari wa meno, ndevu hadi kifuani, akaingia jikoni kwa watu na spana. Akamlaza mgonjwa chini ya sinki. Akamvuta kizibo mdomoni, maji yakashuka yakikoroma, daktari akaimba kwa hofu. Wazazi walilia kwa kicheko. Mwalimu alishika kichwa. Kasuku alikuwa na furaha ya sikukuu.

Ghafla mjomba akasimama. Akasema, kwa sauti ileile ya kupasua vioo, kwamba ninaharibu hadithi nzuri. Daktari wa meno gani huyo? Huyo ni fundi bomba, na fundi bomba ndiye mimi! Anza upya, mwanangu, na hizo ndevu zinyoe!

Mjomba alikuwa anatoka jasho. Hakuna aliyecheka. Kisha muuza nyama, pande la mtu, akasimama na kusema kwamba yeye hukimbia vipepeo. Mama wa duka la vitambaa akasema mbegu za papai humtetemesha. Mwalimu mkuu akakiri hawezi kumtazama mtu akila yai la kuchemsha. Ikawa sherehe! Nimesoma upya, na nilipofika kwenye sinki ukumbi mzima umemwimbia mjomba.

Jumapili, 9 Juni
Mjomba amekuja. Amenikalisha. Amesema jana imeishia kwa wimbo, lakini ingeweza kuishia kwa yeye kufunga virago. Siri ya mtu huombwa, haichukuliwi. Nimelia, naye amenifuta machozi kwa kitambaa chenye grisi. Nimeapa, safari hii kwa moyo wote: sitaandika tena siri ya mtu.

Jioni amekuja Kasuku. Bila methali hata moja! Amesema nimempa moyo, naye atanifunulia lake: anaogopa kwikwi za watu wengine. Zake haziogopi. Mtu akishikwa na kwikwi darasani, yeye huomba ruhusa ya kwenda chooni. Nami miaka yote nilidhani ni tumbo! Amesema nikimwambia mtu nitamjua yeye ni nani.

Simwambii mtu. Nimeazima tu simu ya mama nimuulize Mwalimu jambo dogo la uandishi. Nimemwandikia hivi: Shikamoo, Mwalimu. Msichana anayeogopa kwikwi za wenzake, anayeketi dawati moja na msimulizi, ninaweza kumfanya rubani? Naomba unijibu sasa hivi, maana ndege imeshapaa.