Ombi la Kuvaa Kabla ya Dada Dorcas

Heckdale, Yorkshire
3 Novemba 1936

Mheshimiwa Kasisi Thwaite,

Salamu kwako na kwa Bi. Thwaite, natumaini kifua chake kimepata nafuu. Changu ni kizima, ila kimejaa malalamiko, na kwa kuwa wewe ndiwe msimamizi wa gulio la mitumba la kanisa, nakuletea.

Bibi yetu aliita mitumba "nitungulie". Zamani dukani nguo zilitundikwa juu kwenye misumari, nawe ukamwambia mwenye duka, "Nitungulie lile la kijivu." Neno zuri, maana ndani yake kuna mtu anayechagua. Mimi sijachagua kitu. Nina miaka hamsini na sita, na kila nguo niliyovaa ilishuka kutoka mgongoni mwa dada yangu Dorcas. Basi:

1. Dorcas ni mfupi mnene, mimi ni mrefu mwembamba. Tangu shuleni, baridi ya hapa inavijua vifundo vya mikono yangu kwa majina.

2. Kanisani, nikiwa ndani ya koti lake la zamani, Bi. Ogden huniinamia kwa nyuma akaninong'oneza, "Dorcas, shoga yangu, huyo mdogo wako mbona keki zake kavu hivyo?" Naitikia kwa kichwa. Nifanyeje?

3. Mwaka jana nilikwenda kwenye gulio lako kwa siri kujichagulia kofia. Nikarudi nyumbani naimba. Kuigeuza ndani, jina la Dorcas.

4. Mume wangu Wilfred ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini posa yake ya kwanza aliipeleka kwa Dorcas, naye akamjibu, "Hunikai vizuri wewe. Hebu jaribu kwa Ivy."

5. Jumapili, tukinywa chai, Dorcas kaniambia amepata kaburi lenye kivuli, kwa hiyo lile alilonunua karibu na ukuta nichukue mimi. "Jipya kabisa, Ivy! Sijalilalia hata siku moja!" Hapo uvumilivu ukaniishia.

Naomba utangaze kanisani kwamba kuanzia Majilio dada wakubwa watavaa vya wadogo zao. Dorcas ana miaka hamsini na tisa. Akinilipa miaka yangu yote, atamaliza akiwa na mia na kumi na tano. Afya anayo. Nataka kitu kimoja tu kabla sijafa: nguo ambayo mwili wa kwanza kuivaa ni wangu. Nasema bila haya.

Wasalimie wanakwaya, wapiga kengele wote, na Bi. Ogden, umwambie keki zangu hazijambo.

Ni mimi muumini wako mtiifu,
Ivy Hepworth

Baada ya sahihi: Sijafunga bahasha, Dorcas kabisha hodi na boksi. Koti jipya la bluu, la kimo changu, lebo bado inaning'inia. "Umevaa vyangu vya kutosha, mdogo wangu," akasema, akalia, nami nikalia. Nimelivaa mpaka getini. Ni zuri mno, lakini gumu mabegani, wala halinuki dawa ya nondo ya kabati lake. Nilijiona nimevaa koti la mgeni. Tafadhali usitangaze chochote. Nimemrudishia alivae yeye kwanza mpaka Pasaka. Linaburuzika chini, lakini amekubali.