Taa Tatu na Samaki wa Risasi

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Jumapili baba mkwe anakwenda bwawani kuvua. Jumatatu anapasuliwa jicho, lile moja linaloona, na daktari wa macho hajaahidi kitu. Mzee anataka avue mara moja zaidi akiwa bado anauona uzi wake. Wakwe wawili tutamsindikiza: mimi na mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Huyo ni daktari wa meno. Baba mkwe anamwita "mwanangu". Mimi, mwaka wa tisa huu, ananiita "huyu bwana".

Najua sababu. Mwaka jana nilimpa chambo cha mkono wangu mwenyewe, samaki bandia wa madini ya risasi, urefu wa kidole. Rangi ilibanduka yote kwenye suruali yake nyeupe. Alinikabidhi suruali nikaifue.

Safari hii rangi itafunikwa kwa rezini, gundi angavu inayokauka kwa mionzi ya urujuanimno (UV) pekee, na kuwa ngumu kama kioo. Nimekwisha kumimina samaki sita na kuwapaka. Imebaki taa tu. Mama watoto ameniambia niwaanike juani. Nimemweleza kwa upole kwamba hii ni kazi ya kitaalamu, si kufua nguo.

Jumanne, 4 Machi
Taa ya kwanza: ya mama watoto mwenyewe. Anapaka watu kucha sebuleni, na ana kile kijumba cha plastiki wanamoingiza vidole vikauke. Alipotoka kumfuata mtoto shuleni, nikaingiza samaki wawili. Wanene mno! Taa inazimika kila dakika, nabonyeza tena. Nimebonyeza mara arobaini. Mgongo umekauka, tumbo bado uji. Tumbo likagandia sakafu ya taa. Nikavuta. Samaki wakatoka, na sakafu ikatoka nao.

Mteja wa saa tisa aliingiza vidole vitano, akatoa vinne. Cha tano kilichukua nusu saa.

Mama watoto hakunipigia kelele. Heri angepiga. Alikaa na taa yake mapajani kama aliyefiwa. Ndiyo kazi yake hiyo. Nimeona aibu ya kweli, nimeahidi kuitengeneza. Samaki wamebaki wanne.

Jumatano, 5 Machi
Muuza taa. Nikaomba ya urujuanimno. Akanitazama, akatazama dari, akaniletea balbu ya zambarau. Akaapa kwa afya ya mama yake kwamba ndiyo yenyewe.

Saa nne nzima nimekaa stoo na samaki wangu chini ya balbu, mlango nimefunga. Bado wananata. Nikaifungua balbu, zambarau ikahamia kwenye dole gumba. Balbu ya kawaida, imepakwa rangi! Nimerudi dukani mbio. Eti nilitaka zambarau na zambarau nimepewa. Mtu mzima mwenye mvi!

Samaki watatu wameokota vumbi la stoo na manyoya ya paka. Amebaki mmoja safi.

Alhamisi, 6 Machi
Msiba. Nilitaka kupaka wengine, nikakuta chupa ya rezini imeganda yote. Jiwe! Na nilivyoitunza! Niliiweka dirishani, pale panapopigwa jua asubuhi hadi jioni, isipate unyevu. Viwanda vya siku hizi havina haya. Nimewaandikia barua kali, kurasa mbili.

Mama watoto aliitazama chupa, akalitazama dirisha, akanitazama mimi. Nikamuuliza kuna nini. Akavuta pazia, akatoka.

Ijumaa, 7 Machi
Mwanyumba hukausha meno aliyoziba kwa taa ya buluu. Nimeiona kwa macho yangu. Nimwombe? Yeye? Bora nife. Kwa hiyo jino likaanza kuniuma saa nne kasorobo asubuhi.

Nilitarajia angenimulika tu. Akakuta tundu kweli! Akachimba. Nikalia machozi, samaki nimemficha kiganjani. Taa ilipowaka nikainua mkono taratibu hadi kidevuni. Akaniambia nishushe mkono. Nikaushusha, nikauinua tena. Akauliza nimeshika nini. Nikasema, kwa mdomo uliojaa pamba, kishikizo cha funguo.

Akanifumbua kiganja, akamwona samaki anayenata, akacheka hadi akavua miwani. Kisha akammulika, sekunde ishirini, kwa hisani yake. Akaniambia mwanga ule ni wa meno, rezini yangu inataka mwingine, tena jua lingetosha kabisa. Wivu huo. Anaogopa kupokonywa mzee.

Jumamosi, 8 Machi
Samaki bado ananata. Nimempulizia. Nimemwombea. Nimemlaza kwenye kikopo, kizani, apumzike.

Nimeshinda naikwangua taa ya mama watoto. Sasa inawaka upande mmoja. Ameniambia ahsante, bila kunitazama.

Jumapili, 9 Machi
Naandika haya kabla sijavua viatu.

Bwawani jua lilikuwa kali. Mwanyumba alifungua sanduku la vyambo vya dukani, vinameremeta. Baba mkwe akaketi kwenye kiti chake na ile suruali nyeupe, akauliza huyu bwana ameleta nini safari hii. Nikamtoa samaki kikoponi, nikamweka juu ya ukuta wa bwawa, nikasema natafuta ndoana. Ndoana ilikuwa mfukoni. Niliitafuta nusu saa.

Nilipomwinua, mkavu! Kioo kitupu! Mzee akamsogeza karibu na jicho. Akamkwaruza kwa ukucha. Akamsugua kwenye suruali, juu ya goti, kwa nguvu zake zote, kisha akainama kuitazama suruali. Nyeupe.

Akauliza, mwanangu, huyu umemtengeneza wewe?

Nikasema ndiyo. Nikatoa ndoana mfukoni, nikamfunga.

Mwanyumba alipata samaki wawili. Mzee hakupata hata mmoja. Tulimsihi abadilishe chambo, akakataa mpaka tunaondoka.

Jumatatu, 10 Machi
Upasuaji umekwisha. Bandeji itafunguliwa kesho kutwa, ndipo tutajua. Baba mkwe amelala chali, samaki wangu kiganjani, tumemtoa ndoana. Anampapasa tu. Akauliza nimemkausha vipi. Nikamweleza mbele ya wote: ni ule mwanga wa meno. Unafanya kazi polepole, huchukua siku mbili kuingia. Mwanyumba akavua miwani tena. Mama watoto akaanza tena mambo yake ya jua. Nikamwacha, amechoka.

Mzee anataka wengine sita, awaone bandeji ikitoka. Mwanangu asichelewe, kasema.

Sitachelewa. Nimepata chupa mpya ya rezini, nimeiweka dirishani. Na jino la kushoto limeanza kuuma. Miadi ni kesho, saa nne kasorobo.