Nani Atatangulia?

Jumatatu, 1 Septemba

Happi kalala. Hatimaye! Naandika kwa mkono mmoja, wa pili uko mgongoni kwake. Nikiuondoa tu, anafumbua jicho moja kama mlinzi wa ghala.

Habari mbaya. Mzee Abdulkarimu, mwenyekiti wa klabu yetu ya mashua za matanga, kaniita pembeni. Kasema mashindano ya Jumamosi yasipopata mashua sita, klabu imekufa, na jiko la klabu atampa Frida wa Kibirizi auzie chapati. Jiko langu! Nililolipaka chokaa mwenyewe, nina mimba ya Happi, tumbo limefika kooni!

Wenye mashua wapo. Kila Jumamosi wanatweka matanga, wanazunguka ghuba, wanarudi kula samaki wangu, migebuka ya mawese. Ukitaja kushindana, kila mtu kiuno kinamuuma.

Nimejitolea kuwashawishi. Mzee kanieleza: ni mbio za kirafiki, za kufukuzana. Mashua nzito inaanza mwanzo, nyepesi mwisho, ili wote wafike karibu pamoja. Rahisi! Hata mtoto ataelewa.

(Nimemweleza Happi. Kalia.)

Jumanne, 2 Septemba

Ujiji, kwa Mzee Chande muuza vitambaa. Mashua yake ndiyo nzito kuliko zote. Happi mgongoni, jua utosini. Nikatoa shikamoo, nikaletewa kahawa. Nikamwambia kwa heshima zote: mzee, Jumamosi wewe utatangulia.

Kikombe kikamgandia mdomoni. Akauliza ni nani kanituma.

Bi Zuleha, mkewe, akatoka ndani kama moto. Akasema mumewe ana presha, juzi tu katoka hospitali, halafu mimi nakuja na mtoto mgongoni kumwambia anatangulia? Tena majini?

Nikajaribu kurekebisha. Nikasema hatakuwa peke yake, wenzake watamfuata mmoja mmoja.

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Bi Zuleha kasoma dua, kanisindikiza mpaka barabarani. Kahawa sikumaliza.

Jumatano, 3 Septemba

Neno kutangulia nimelizika. Mbinu mpya!

Gervasi wa Gungu, dereva wa boda. Tanga lake ni turubai lililoshonwa, mashua yake inakwenda kama ng'ombe aliyeshiba. Nikamwambia yake ndiyo yenye kasi kuliko zote, hivyo ataanza mwisho. Mgeni rasmi huwahi kufika mapema? Akavimba. Kakubali kabla sijamaliza.

Mwalimu Adolf, maneno yale yale. Akaniuliza kama Gervasi anajua. Nikasema Gervasi analia.

Wengine watatu vilevile. Nikajikaza, nikarudi Ujiji. Nikaomba radhi, nikamwambia Mzee Chande kwamba wenzake wote watatangulia, yeye ndiye atakayebaki. Bi Zuleha kaitikia Amina. Safari hii kahawa nimepewa na kashata.

Mashua sita! Usiku Baba Happi kauliza, kama wote wanaanza mwisho, nani anaanza mwanzo? Nikamwambia ale ugali wake.

Alhamisi, 4 Septemba

Frida kaja "kunisalimia". Macho yake yanapima jiko langu ukuta hadi ukuta. Kasema Jumamosi ataleta chapati za watazamaji, kunisaidia tu mimi mdogo wake, maana naonekana nimechoka.

Nimechoka! Nikatabasamu. Nikamwambia barabara ya klabu inachimbwa, boda hazipiti, akodi mtumbwi kutoka Kibirizi. Na upepo wa saa hizo! Chapati zitafika uji.

Mzee kauliza zawadi ya bingwa iko wapi. Kwa furaha nikatoa sufuria langu kubwa. Nani alinituma?

Jumamosi, 6 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nimewanyima chai wote. Makusudi. Wakimaliza mbio na njaa, watakula kwangu.

Mashua sita zimejipanga. Mzee Abdulkarimu kapuliza filimbi. Hakuna aliyesogea. Kapuliza tena. Watu wanatazama mawingu.

Mzee kapaza sauti, anayeanza ni nani? Gervasi kamwambia Mwalimu, "Tangulia, mwalimu." Mwalimu kajibu, "Tangulia wewe, wanao wameshakua!" Mzee Chande kashika mlingoti, anasema yeye kaahidiwa kubaki. Bi Zuleha huku ufukweni anapiga kelele, "Chande, usithubutu!"

Kisha mmoja mmoja wakaninyooshea kidole. Mama Happi ndiye kaniambia! Na mimi! Happi, mgongoni kwangu, naye akanyoosha kidole. Kwangu!

Nilikuwa natafuta pa kujificha, mara mtumbwi huo. Frida! Anapiga kasia, ndoo mbele yake, anapita katikati ya maboya, harufu ya chapati za moto imejaa ghuba. Upepo wenyewe ulikuwa nyuma yake, unamsukuma.

Gervasi kaita, "Dada Frida, simama!" Frida kaona wanaume sita wenye njaa wanatweka matanga. Hakusimama. Alipiga kasia kama anayefukuzwa na kiboko, wao nyuma, mpaka mchangani. Mzee Chande na Gervasi walifika wamekumbatiana, matanga kwa matanga.

Mzee Abdulkarimu analia kwa furaha. Miaka yote hii hajaona mbio za kufukuzana ambazo wote wamefika pamoja! Mashua sita zimeshindana, jiko linabaki langu. Nikaruka, Happi akacheka.

Lakini, kasema, bingwa ni Frida, ndiye kafika wa kwanza. Amepata sufuria, na ruhusa ya kukaangia chapati humo humo jikoni.

Jumapili, 7 Septemba

Frida kafika kabla yangu. Kainjika sufuria langu kwenye jiko langu. Happi kala chapati zake mbili, msaliti mdogo, kisha kanifutia mafuta shavuni kwa busu. Nimemsamehe. Frida bado.

Mzee anataka mbio nyingine mwezi ujao, na bingwa mpya ndiye atakayepewa haki ya Frida ya kupikia jikoni. Hapo masikio yangu yalisimama!

Baba Happi kanishauri nitulie, safari hii niwaambie watu ukweli. Ukweli! Watu hawa? Kuna aliyetweka tanga kwa sababu ya ukweli?

Dawa nimepata nikiosha nepi. Kila mmoja namwambia ataanza wa pili. Wa pili hatangulii, wala habaki nyuma. Bi Zuleha kaitikia Amina mara mbili.

Mpaka jioni hii ninao wa pili wanne.